Taa za sola za "200W" madukani Mtwara na Lindi: paneli, betri na fuwele ya Oleg Losev

Boksi limeandikwa 200W kwa herufi kubwa. Ndani kuna taa nyeusi bapa, rimoti ndogo nyeupe, waya wa mita chache na paneli ya kioo yenye ukubwa wa sentimita 35 kwa 24. Taa za namna hii zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya umeme Mtwara mjini, Lindi na Masasi, na usiku unaziona juu ya milango ya maduka, kwenye nyua za maghala ya korosho na kwenye vibanda vya chipsi. Hukumu yetu tunaitoa mapema: hii ni taa nzuri ya wati 3. Ukiinunua kama taa ya wati 3, kwa bei ya taa ya wati 3, utaridhika nayo. Ukiilipia wati 200 umepunjwa, na hesabu ya kulithibitisha hilo inafanyika pale pale kaunta.

Anza na paneli, maana ukubwa wake haufichiki. Jua la mchana likiwa wazi humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Kioo cha sentimita 35 kwa 24 kina mita za mraba 0.084, kwa hiyo kinapokea wati 84 za jua basi, hata likiwaka namna gani. Seli za silikoni hugeuza karibu asilimia 20 ya jua hilo kuwa umeme, yaani wati 17 hivi. Ukitoa kingo na nafasi zilizo kati ya seli unabaki na 12 hadi 15. Kwa njia ya mkato, chukua rula, zidisha urefu kwa upana kwa sentimita, kisha gawa kwa 50. Jibu ni wati za juu kabisa ambazo paneli hiyo inaweza kutoa. Muuzaji akikuambia zaidi ya hapo, mwoneshe rula.

Mwenye testa, yaani kipimo cha volti na ampea, afanye zaidi. Mchana wa jua kali, elekeza paneli kwenye jua na upime volti zake ikiwa haijaunganishwa na kitu. Paneli iliyoandikwa 6V ina seli 12 mfululizo, na kila seli hutoa karibu volti 0.6, kwa hiyo utaona 7 na kidogo. Kisha hamisha waya mwekundu wa testa kwenye tundu la 10A, geuza swichi kwenye ampea za DC, na gusisha ncha mbili moja kwa moja kwenye waya za paneli. Paneli haiharibiki kwa kufungwa hivyo, lakini usijaribu kamwe kwenye betri, kwa sababu betri itachoma testa na huenda na vidole. Zidisha volti kwa ampea, kisha zidisha kwa 0.75. Paneli ya volti 7.2 na ampea 2 ina wati 10.8. Kwa taa ya boksi la aina hii hayo ni matokeo ya kuridhisha kabisa.

Wati hizo 10.8 zote hazifiki kwenye betri, na hapa wengi hupotea. Taa hizi hazina chaja ya kubadilisha volti. Paneli imeunganishwa na betri karibu moja kwa moja kupitia kibodi kidogo, yaani kipande cha saketi ya umeme, kwa hiyo volti za paneli hushushwa zikalingana na za betri, na kinachopita ni ampea tu. Ampea 2 kwa saa tano za jua zuri ni ampea-saa 10 kwa siku. Mawingu ya masika yanaweza kuzipunguza zikawa nusu au chini ya hapo, na ndiyo maana taa iliyokesha mwezi wa nane huzimika saa nane za usiku mwezi wa pili. Haijaharibika, imekosa chakula.

Betri ndani ya taa nzuri ni silinda mbili nene za lithiamu zilizoandikwa LiFePO4 3.2V, kila moja ampea-saa 6. Zikiunganishwa sambamba ni ampea-saa 12, mara volti 3.2, sawa na wati-saa 38. Gawa 38 kwa 200: taa ya wati 200 ya kweli ingezimika baada ya dakika 11. Gawa 38 kwa saa 12 za usiku: unapata wati 3.2. Hizo ndizo wati unazonunua. Kwa chipu za siku hizi zinatoa mwanga ulio kati ya ule wa glopu ya zamani ya wati 25 na ya wati 40. Mlango wa duka unatosha kuonekana, na ua mdogo pia. Uwanja wa mpira hapana.

Mizani huumbua betri feki. Silinda halisi ya ukubwa huo (milimita 32 upana, 65 au 70 urefu) ina uzito wa gramu 140 hivi, na nyepesi sana ni ganda lenye kiini kidogo ndani. Ukikuta silinda nyembamba za milimita 18 kwa 65 zimeandikwa 9900mAh, funika boksi uondoke, kwani ukubwa huo haujawahi kuzidi sana 3,500.

Pale dukani jaribu jambo moja la bure. Washa taa, kisha iweke paneli kifudifudi au uifunike kwa khanga. Paneli yenyewe ndiyo jicho la taa: ikipata giza taa iwake, ikipata mwanga izime. Isipofanya hivyo, waya au kibodi kina tatizo. Ikigoma kuwaka kabisa usiikatae haraka, maana taa zilizokaa miezi stoo hufika zimekauka. Omba ichajiwe kwa jua siku nzima ikiwa imezimwa, ndipo uamue.

Sasa mwanga wenyewe. Nyuma ya kioo kuna bamba la aluminiamu lenye vidonge vingi vya manjano. Kila kidonge kina chipu ndogo ya nusu-kipitishi, yaani kitu ambacho si chuma cha kupitisha umeme ovyo wala si plastiki ya kuuzuia. Chipu hutoa mwanga wa buluu, na unga wa manjano ulioizunguka hugeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa rangi nyingine, macho yetu yakaona weupe. Hakuna uzi unaochomwa hapa. Aliyelithibitisha hilo mapema kuliko wote alikuwa kijana wa Kirusi asiye na shahada, na anayeijua kazi yake anaelewa kwa nini taa hizi hudumu na kwa nini hufa.

Oleg Vladimirovich Losev alizaliwa Tver tarehe 10 Mei 1903. Mwaka 1920 alikwenda Nizhny Novgorod, kwenye maabara ya redio iliyokuwa maarufu kuliko zote katika Urusi ya wakati huo, akaanza kama tarishi. Januari 1922, akiwa na miaka 18, aligundua kwamba fuwele ya zincite ikiguswa kwa sindano na kupewa volti fulani haipokei mawimbi tu, inayakuza. Kwa hilo alitengeneza redio isiyo na vali, yaani zile glopu za kioo za kukuza mawimbi, zama ambazo vali zilikuwa ghali na zikila umeme mwingi. Mwaka 1924 majarida ya redio ya Marekani na Ulaya yaliisambaza habari hiyo kwa jina la kristadini. Miaka zaidi ya ishirini ilipita kabla ya transista ya kwanza, kikuza-mawimbi kidogo cha nusu-kipitishi, ile ya Marekani ya mwaka 1947.

Lakini kilichoizaa taa yako ni fuwele nyingine, kaborandamu. Si kitu kigeni: ni kabidi ya silikoni, zile chembe nyeusi ngumu za msasa wa maji ambao mafundi rangi wa magari wanautumia kila siku. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Round, wa kampuni ya Marconi, alikuwa ameandika maelezo mafupi kwamba kaborandamu ikipewa volti 10 hutoa mwanga wa njano. Aliishia hapo. Losev aliuona mwanga huo mwenyewe kwenye vipokezi vyake na hakuuacha. Aliuweka chini ya hadubini, akapima mkondo, akabadilisha upande wa umeme, akatenganisha aina mbili za mwanga: mmoja hutokea umeme ukisukumwa upande ambao fuwele inaukataa, mwingine upande inaoukubali. Huo wa pili ndio mwanga wa LED zote za leo, yaani taa za chipu kama yako.

Swali kubwa la wakati ule lilikuwa: je, si joto tu, kama makaa? Losev alidondosha tone la benzini juu ya sehemu inayong'aa na kulitazama likikauka polepole. Sehemu ilikuwa baridi. Kisha akaonesha kwamba mwanga huo huwaka na kuzima kwa kasi ambayo uzi wa moto hauwezi hata kuukaribia, na mwaka 1927 akaomba hataza ya kifaa alichokiita relei ya mwanga, cha kupeleka ishara za simu na telegrafu kwa mwanga. Hataza hiyo ilitolewa mwaka 1929. Alifikia pia maelezo ambayo yanafaa hadi kwa anayenunua taa Lindi: mwanga huo ni kinyume cha tukio la fotoelektriki lililoelezwa na Einstein, ambapo mwanga hung'oa elektroni. Elektroni moja ikivuka mpaka ndani ya fuwele hutoa chembe moja ya mwanga, na rangi ya chembe hiyo inafungamana na volti. Mwanga wa buluu wa chipu yako unahitaji karibu volti 2.75 kwa kiwango cha chini, na kwa mkondo wa kawaida chipu hufanya kazi kwenye volti 2.8 hadi 3.2. Betri ya LiFePO4 ni volti 3.2. Ndiyo sababu mtengenezaji ameweza kuunganisha betri na chipu karibu bila kitu katikati, na ndiyo sababu taa ni rahisi.

Maabara ya Nizhny Novgorod ilipovunjwa mwaka 1928 Losev alihamia Leningrad. Alifanya kazi kwa miaka michache katika taasisi ya mwanafizikia Abram Ioffe, kisha akaishia kufundisha fizikia katika chuo cha udaktari wa tiba. Shahada ya kandidati wa sayansi, ya Kisovieti inayokaribiana na udaktari wa falsafa, alipewa mwaka 1938 bila kutetea tasnifu, kwa uzito wa makala alizokwisha kuandika. Majeshi ya Ujerumani yalipouzingira mji alibaki humo. Alikufa kwa njaa tarehe 22 Januari 1942, akiwa na miaka 38. Makala ya mwisho aliyoituma mwaka 1941 ilipotea. Inauma kufikiri kilichokuwamo.

Kaborandamu yenyewe haikuweza kuwa taa ya nyumbani, kwa sababu fuwele hiyo hupoteza karibu umeme wote. Ilibidi zije fuwele nyingine zilizopangwa tabaka kwa tabaka. Wazo la kuubana mkondo ndani ya tabaka jembamba lililowekwa kati ya mawili ya aina nyingine lilitolewa mwaka 1963 na Zhores Alferov pamoja na Rudolf Kazarinov, katika taasisi ile ile ya Ioffe, na Herbert Kroemer alilifikia peke yake mwaka huo huo huko Marekani. Alferov na Kroemer walipata Nobeli mwaka 2000. Miaka ya 1990 Wajapani walitumia tabaka kama hizo kwenye nitridi ya galiamu, buluu kali ikapatikana, na Nobeli yake ikatolewa mwaka 2014. Hapo ndipo taa nyeupe ilipowezekana.

Turudi kwenye bamba. Mwanga ni baridi, chipu si baridi. Zaidi ya nusu ya umeme bado hugeuka joto ndani ya chembe ndogo kuliko punje ya mtama, na joto hilo lisipokimbilia kwenye aluminiamu, unga wa manjano huungua, plastiki hubadilika rangi na mwanga hufifia. Ukifungua taa, hakikisha bamba limekandamizwa kwenye ganda la chuma kwa skrubu zote, si kwa gundi ya pembeni. Taa zenye ganda la plastiki tupu hatuzipendekezi kabisa.

Tatizo la pili: chipu zote zimefungwa sambamba. Hakuna mbili zinazofanana kabisa, na tofauti ya volti ndogo sana huongeza mkondo mara nyingi. Chipu yenye kiu kuliko wenzake hunywa zaidi, hupata moto zaidi, hunywa zaidi tena, hadi ikatike. Mzigo wake unahamia kwa waliobaki. Ukiona vidonge viwili vitatu vimezima, punguza mwanga kwa rimoti mara moja, utaokoa vilivyobaki.

Kumjua mgonjwa ni rahisi. Weka testa kwenye alama ya diodi na gusa ncha mbili za kidonge kilichotenganishwa na wenzake. Kikiwa kizima utaona nukta hafifu ya buluu na manjano ikiwaka katikati. Ni sindano juu ya fuwele, kama alivyoona Losev. Kisipowaka geuza ncha, kisha ndipo ukihukumu.

Kosa la mafundi linalotuuma zaidi ni la betri. LiFePO4 ikichoka, wengine huweka silinda za betri za kompyuta, za volti 3.7. Zikiwa zimejaa zinafika 4.2, na chipu zilizozoea 3.2 humezwa na mkondo ndani ya dakika. Zikinusurika, kibodi hukata chaji kwenye 3.65, na betri mpya haijai kamwe. Nunua 3.2V, au acha.

Kwa mazingira yetu kuna maadui wawili ambao karatasi ya maelezo haiwataji. Chumvi ya bahari inajulikana: Mikindani, Msimbati, Kilwa Masoko, skrubu za kawaida zinalika kutu ndani ya msimu. Badilisha ziwe za chuma kisichoshika kutu, paka grisi kwenye viunganishi, na uache waya ukining'inia kwa mkunjo chini ya tundu la kuingilia, maji yadondoke badala ya kuufuata ndani.

Adui wa pili ni salfa ya mikorosho. Unga wake ukitua kwenye paneli hupunguza mwanga. Unaondoka kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kioo kikiwa bado baridi. Lakini ndani ya taa salfa ina kazi mbaya zaidi. Chini ya kila chipu kuna kibakuli kilichopakwa fedha ili kiakisi mwanga. Mvuke wa salfa hupenya utomvu wa silikoni, fedha inakuwa nyeusi, na taa hufifia huku chipu na betri vikiwa vizima. Dalili yake ni duara la kahawia au jeusi kuzunguka kidonge cha manjano, na hakuna tiba ila kubadilisha bamba. Kwa hiyo Tandahimba, Newala na kwingineko: usihifadhi taa, hata ikiwa ndani ya boksi, kwenye stoo moja na mifuko ya salfa. Na taa ya kuangazia ghala hilo ifungwe nje, mpira wa ganda ukiwa umekaa sawasawa.

Ufungaji. Mtwara na Lindi ziko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo paneli itazame kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo unatosha kwa maji ya mvua kuteremka na vumbi. Kibano cha boksi huruhusu kuisimamisha karibu wima, na wengi huiacha hivyo ikitazama barabara, wakapoteza sehemu kubwa ya jua la mchana. Angalia pia mnazi. Seli 12 ziko mfululizo, kwa hiyo kuti moja likitia kivuli kwenye seli moja hubana mkondo wa zote. Paneli iwe juani, taa iwe kivulini chini ya upenu, maana betri imo ndani ya taa na lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa ya moto.

Wanaoitaka kwa ngalawa ya kuvulia dagaa tunawaambia hapana. IP65 iliyoandikwa kwenye ganda maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii, haimaanishi kuzama. Kwa chombo tafuta IP67, inayovumilia mita moja ya maji kwa nusu saa, na betri iwe kwenye boksi lake.

Kwa nyumba yenye vyumba viwili vitatu, seti ya balbu tatu zenye boksi moja la betri ni bora kuliko taa hii kwa matumizi mengi: unachaji simu, unagawa mwanga, na betri ikichoka unaibadilisha bila kugusa taa. Ukilinganisha bei, gawa shilingi kwa wati-saa za betri, si kwa wati za boksi, na mara nyingi seti itashinda. Taa ya "200W" tunaipendekeza kwa mwenye duka, mlinzi na mwenye ua, yule aliyepima kioo kwa rula, akaona silinda mbili nene ndani na ganda la aluminiamu nje. Ikiwa na silinda moja, ilipie nusu.